Pori la kijiji cha mama linakatwa malupango: bado kuna la kufanya?

Swali: Mimi ni mwalimu, naishi Katuba, hapa Lubumbashi, Kongo. Mama yangu yuko kijijini, kilomita kama 35 kwenye barabara ya Kasenga. Zamani pori lilianzia nyuma ya jiko lake. Sasa shefu, mkuu wa kijiji, anapima malupango, yaani viwanja, na kuwauzia watu wa mjini, na kumejaa kuta za matofali ambazo ndani yake hamna nyumba. Kaka zangu wanasema tuuze sehemu yetu haraka kabla mwingine hajaiuza, maana mji unakuja na hakuna wa kuuzuia. Mama hataki. Anauliza tu: bowa, uyoga wetu wa porini, wataota wapi? Sheria inatupa nini, au tukubali yaishe?

Jibu: Mama mwalimu, nakujibu kwa urefu kwa sababu swali lako nalisikia kila upande, barabara ya Likasi, barabara ya Kipushi, hadi huko kwenu, na mara nyingi linanifikia mambo yakiwa yameshaharibika. Lako limekuja mapema. Kwa kaka zako: wasiuze. Kwako wewe: ndiyo, sheria ipo, tena ni nzuri kuliko watu wanavyodhani, lakini haimfai mtu mmoja anayelalamika peke yake. Inakifaa kijiji kilichokaa chini kikakubaliana. Kwa hiyo kazi kubwa iliyo mbele yenu ni ya kuongea.

Nimesomea misitu, na miaka yangu mingi ya kazi nimeipitisha katika hili pori la miombo linaloizunguka Lubumbashi. Kwa muda mrefu niliamini, kama wengi, kwamba adui wa pori ni shoka la mchoma makala, yaani mkaa. Ndiye tunayemwona alfajiri, anasukuma baiskeli yenye magunia marefu kumpita kimo, na ni rahisi kumlaumu. Na kweli makala yamekula sana. Watafiti waliopima kwa picha za setilaiti eneo linaloulisha mji wetu makala waliona kwamba mwaka 1990 miti ilifunika zaidi ya robo tatu ya eneo hilo. Mwaka 2022 ilikuwa imebaki kama asilimia 40.

Lakini kuna jambo ambalo mama yako analijua bila kulisoma. Miti ya miombo ukiikata, visiki havifi. Mutondo, musamba na jamaa zao wanarudi kutoka kwenye mizizi ileile. Ukiliacha pori lililokatwa, ukalikinga na ule moto mkali wa Septemba, baada ya miaka ishirini au thelathini watoto wako wanaingia chini ya kivuli tena. Bibi zetu walilima hivyo, wakahama, wakarudi. Pori lilikuwa linapumzika, halikuwa limekufa.

Ukuta hauliachi lipumzike. Nikueleze nilichokiona mwishoni mwa Septemba, katika kijiji ambacho si mbali na kwenu. Lupango lenye ukuta pande zote nne, lango la chuma, mnyororo, na ndani hamna hata chumba kimoja. Kijana wa kijiji hichohicho, aliyewekwa kuwa mlinzi, alinifungulia. Katikati palikuwa na visiki saba vya mutondo, na kila kimoja kilikuwa kimetoa machipukizi yenye majani mekundu kama shaba, yale yanayotangulia mvua. Yule kijana alikuwa na panga. Mwenye lupango, anayekaa mjini, alikuwa amemwagiza afyeke kila mwezi ili mpita njia aone kwamba mahali pana mwenyewe. Tukaongea kidogo juu ya vinkubala, wale viwavi tunaokula, akaniambia mama yake alikuwa akiviokota kwenye miti hiyohiyo. Kisha akainama akaendelea na kazi yake, kisiki baada ya kisiki. Mizizi ikikatwa machipukizi namna hiyo msimu baada ya msimu, mwisho inachoka.

Wengi wananiuliza kwa nini watu wanajenga ukuta kabla ya nyumba, tena nyumba isiyokuja. Sababu ni woga. Sheria yetu inamtaka aliyepewa ardhi aitumie, na mnunuzi anajua kwamba lupango lililo wazi litauzwa mara ya pili na ya tatu. Ukuta unasema: hapa pana mtu. Kwa hiyo heka na heka zinafungwa bila familia hata moja kupata pa kulala. Hili ndilo linaloniuma zaidi. Kama pori lingekatwa ili watoto wa mji huu wapate paa, ningezungumza kwa sauti ya chini. Lakini sehemu kubwa ya ninayoyaona ni akiba ya mtu iliyozungushiwa matofali.

Na hayo matofali nayo yanatoka wapi? Mwambie mama akuonyeshe vichuguu, vile vikubwa kama vilima, virefu kuliko nyumba. Udongo wake una mfinyanzi mwingi na chumvichumvi ambazo udongo mwekundu wa pembeni hauna, ndiyo maana mahindi yanastawi juu yake, na ndiyo maana wafyatua matofali wanavipenda. Wanasayansi walipima umri wa vichuguu vya huku kwetu Katanga na kukuta vingine vimepita miaka 2,000. Vimeona pori likikatwa na kurudi mara ngapi? Leo kimoja kinachimbwa, kinafyatuliwa, kinachomwa kwa kuni za miti iliyosimama kando yake, na kugeuka ukuta wa kulizuia pori hilohilo lisirudi. Ukipita huko jioni, tazama tanuri zinavyofuka moshi, utanielewa.

Sasa swali la mama, bowa wataota wapi. Naomba kaka zako wasilicheke, maana ni swali la kisayansi kabisa. Uyoga mwingi tunaoupenda huku, kama ule wa njano unaouzwa kwa vifungu barabarani mvua zikianza, hauoti popote tu. Unaishi pamoja na mizizi ya miti ya miombo: uyoga unausaidia mti kuvuta maji na chakula kutoka kwenye udongo, na mti unaulipa uyoga kwa sukari yake. Mti ukiondoka, uyoga nao umeondoka. Huwezi kuupanda bustanini, wala hautaota chini ya miembe. Uyoga mwingine, ule mkubwa kupita yote, wenye kofia inayoweza kufika upana wa mita moja, unategemea mchwa wa vichuguu. Vinkubala navyo vinataka majani ya miti maalumu, mutondo ukiwa mmoja wao. Kwa hiyo mama anapouliza wataota wapi, jibu ni kwamba hawataota. Na Januari, mahindi ya zamani yakiwa yamekwisha ghalani na mapya bado mabichi shambani, ni bowa na mboga za porini zinazokaa karibu na bukari, yaani ugali, katika nyumba nyingi za vijijini. Anayeuza pori anauza na chakula cha mwezi huo.

Tuje kwenye sheria, nawe uisome pole pole, kwa sababu hapa ndipo watu wanapoteza ardhi kwa kuamini maneno ya nusu.

Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inasema, katika kifungu cha 53, kwamba udongo wote ni mali ya Serikali, na haiuzwi. Wananchi wanapewa haki ya kuutumia. Ardhi ya vijiji, ile inayokaliwa na kulimwa kwa desturi, sheria hiyo iliitambua katika vifungu vya 387 hadi 389 na kuahidi kwamba amri ya Rais ingekuja kupanga haki za wenyeji. Amri hiyo ikasubiriwa miaka na miaka. Pengo hilo ndilo mlango wanaopitia wauzaji. Hata hivyo hamko uchi: Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 34, inailinda mali ya mtu au ya jamii iliyopatikana kwa sheria au kwa desturi. Neno desturi limeandikwa humo, na unaweza kulisoma mbele ya kiongozi yeyote.

Maana yake kwenu ni hii. Kwanza, shefu ni mlinzi wa ardhi ya jamii, hakuipata kama mtu anavyonunua baiskeli. Ule mukanda, yaani karatasi, anaowaandikia wanunuzi si hati ya ardhi. Kwa sheria yetu, haki ya kutumia ardhi inathibitishwa na hati ya usajili tu, ile watu wanayoiita sertifika. Pili, kabla ya Serikali kumpa mtu ardhi ya vijijini, lazima ufanyike uchunguzi: kiongozi wa teritwari, yaani wilaya, na watu wake wafike mahali penyewe, waangalie nani anaishi pale, nani analima, nani anaokota, wasikilize wenyeji, waandike. Vifungu vya kuanzia 193 vinaeleza haya. Nimeshaona uchunguzi uliofanyika mezani, majina ya wazee yakiwa yamesainiwa na mkono mmoja, na mzee mmojawapo alikuwa amekufa kabla ya tarehe iliyoandikwa. Karatasi kama hiyo inaweza kupingwa, tena inapaswa kupingwa.

Lakini ipingwe mapema! Hili ulitilie mstari. Mnunuzi akifaulu kupata sertifika na miaka miwili ikapita bila mtu kwenda mahakamani, sheria inaifanya hati hiyo kuwa ngumu mno kuitikisa. Nilifika katika kijiji kimoja wakati huo ukiwa umepita kwa miezi minne. Wazee walikuwa na haki yote, walikuwa na makaburi ya babu zao ndani ya mipaka ya yule mtu, na sikuwa na cha kuwaambia isipokuwa kuomba ruhusa ya kupita kwenda makaburini. Sijaisahau siku hiyo.

Sasa njia ambayo watu wengi hawaijui. Kanuni ya misitu ya tarehe 29 Agosti 2002, kifungu cha 22, inaruhusu jamii ya wenyeji kuomba ipewe msitu wake, ule inaoumiliki kwa desturi, uwe msitu wa jamii. Amri namba 14/018 ya tarehe 2 Agosti 2014 ikaeleza namna ya kuomba. Ombi linakwenda kwa gavana wa jimbo kupitia ofisi za mazingira, likiambatana na ramani na muhtasari wa kikao cha wenyeji. Eneo linaweza kufika hekta 50,000, nanyi hamhitaji hata sehemu ndogo ya hizo. Linatolewa bure, na ni la kudumu, halina mwisho wa miaka. Katika jimbo letu la Haut-Katanga misitu ya namna hii ipo tayari, kwa hiyo hamtakuwa wa kwanza kugonga mlango huo.

Uzuri wake ni kwamba jina linaloandikwa ni la jamii nzima. Kunakuwa na mkutano wa wote, kamati ya kuendesha, kamati ya kukagua na baraza la wazee. Mtu mmoja, awe shefu, awe kaka yako, hawezi kukata kipande na kukiuza kwa kreti za bia. Na bado mnautumia: mnaokota bowa, mnafuga nyuki, mnatoa kuni, hata makala mnaweza kuchoma kwa zamu, sehemu hii mwaka huu, ile mwaka ujao, mradi mfuate mpango mtakaouandika. Sitaki ufikiri kwamba ni msitu wa kufungwa kwa kufuli. Pori la miombo linavumilia kutumiwa, ila mwenye kulitumia awe na mpangilio.

Nisikufiche ugumu wake. Sheria inasema bure, lakini kupima, kuchora ramani, kuwasafirisha wazee hadi mjini, vyote vinakula falanga. Tafuteni shirika linalofanya kazi ya misitu ya jamii au wanafunzi wa kilimo na misitu wa chuo kikuu chetu. Ramani ya kwanza si lazima iwe ya gharama. Kabla ya hapo nendeni kwenye kadasta ya migodi, ofisi ya vibali vya madini, mkaulize kama eneo lenu lina kibali cha uchimbaji juu yake, maana hapa Katanga chini ya miguu yetu kuna shaba, na kibali cha madini kinaweza kuwepo bila mwenyeji yeyote kuambiwa. Na ardhi ambayo tayari ina sertifika ya mtu hamtaweza kuiingiza. Chukueni iliyobaki, mkiwahi.

Kuhusu shefu, nakuomba jambo moja kwa heshima: usianze kwa kumshtaki. Nimewajua mashefu wengi wa pembezoni mwa mji huu. Wengine ni walafi, kweli. Wengi ni wazee wanaosomesha wajukuu, paa lao linavuja, na kila Jumamosi gari linasimama mbele ya nyumba na vijana wa mjini wanashuka na bahasha. Hakuna mtu mwingine aliyewahi kumletea jambo la kusaini zaidi ya mauzo. Nendeni kwake mkiwa na mama yako na wazee wengine, na mbuzi au kuku kama desturi inavyotaka, mkampelekee karatasi ambayo jina lake litabaki juu yake kama shefu aliyekilindia kijiji pori. Nimeona mzee aliyekuwa ameuza malupango kumi na mawili akisaini ombi la msitu wa jamii, kisha akawa mkali kuliko wote. Akikataa kabisa, hapo ndipo mnapokwenda kwa mkuu wa sekta na kwa kiongozi wa teritwari, mkiwa na majina yenu yote.

Kitu kingine, na hapa huenda tusikubaliane. Msikatae nyumba. Watoto wa kijiji watajenga, na watu wa mjini wataendelea kuja. Lubumbashi ilianza mwaka 1910 kama kituo cha shaba na reli, na kwa miaka yote hii haijawahi kuacha kupanuka. Komini ya Annexe, ambayo ndiyo mkanda unaouzunguka mji, wazee wanaikumbuka ikiwa mashamba na nyasi. Kijiji kinachosema hapana kwa kila kitu kinashindwa, kwa sababu mwenye shida atauza usiku. Semeni wenyewe nyumba zikae wapi. Kando ya barabara, pale ambapo pori limeshakwisha na mabomba yanaweza kufika siku moja, pimeni malupango madogo, yenye njia katikati, kwa watu wanaojenga kweli. Mnunuzi akija, aonyeshwe huko.

Na semeni wapi pasijengwe hata kwa dhahabu. Kwangu mimi pa kwanza ni dembo, lile bonde la nyasi lisilo na miti. Wanunuzi wanalipenda kwa sababu halina kisiki cha kung'oa, na wakiliona wakati wa kiangazi linaonekana kama uwanja mzuri mtupu. Ni sifongo. Linanywa mvua kuanzia Novemba na kuitoa pole pole, ndiyo maana visima vya kando yake vina maji mpaka Agosti na kina mama wanalima mboga ya lengalenga humo wakati kwingine kumekauka. Likijazwa kifusi, maji ya mvua yanakosa pa kukaa yakaingia nyumba za chini, na miezi ya kiangazi visima vinakauka. Nimeona familia iliyojenga ndani ya dembo ikitoa maji chumbani kwa sufuria mwezi wa Februari, na mwezi wa Septemba ikinunua maji kwa madumu. Nyumba ileile, mwaka uleule.

Kaka zako sasa. Wanasema uza kabla mwingine hajauza, na siwalaumu, hofu yao ina sababu. Lakini waulize fedha ya lupango moja itakaa muda gani. Pikipiki, karo ya mwaka mmoja, deni la hospitali, basi. Kama wanahitaji kujenga, wajenge wao, kwenye sehemu itakayopangwa. Kama wanataka kipato, nyuki na bowa wa kukausha vinatoa kila mwaka, na mjini wanunuzi hawakosekani. Na waambie wazi kwamba mukanda wa shefu wanaoutegemea kuuzia ndio huohuo mtu mwingine anaweza kuonyeshwa juu ya ardhi ileile.

Anza kidogo. Usiite mkutano mkubwa kwanza. Kusanya watu sita au saba wanaojua mipaka ya zamani, wanawake wawepo, kwa sababu wanaume wanajua mipaka ya mashamba, na wanawake ndio wanaojua pori kwa ndani: wapi bowa, wapi dawa, wapi maji hayakauki. Andika kila jina la mahali kama wanavyolitamka. Piga picha za kuta zilizopo na tarehe zake, na majina ya wanunuzi kama yanajulikana, ili mjue ni wapi miaka miwili inakimbia.

Fanya hivyo kabla ya mvua za Novemba, nyasi zikiwa zimeungua na mawe ya mpaka ya zamani yanaonekana. Beba daftari, na simu inayoweza kuonyesha mahali mlipo. Kisha mwache mama atembee mbele.